Programu Iliyosubiri Kuitikiwa

4 Februari

Kwako Chiriku, mpwa wangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, umekula, na hujakonda kama ile picha uliyomtumia mama yako. Aliikuza kwenye simu mpaka akaona mfupa wa shingo, akaniita nije nishuhudie. Nikamwambia, dada, huo ni mkufu. Hajakubali. Sisi huku ni wazima. Goti lake linanung'unikia ngazi, na paka amezalia ndani ya printa ya mteja niliyoahidi kuitengeneza. Mwenye printa nimemwambia vipuri vinatoka mbali.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mama yako ametoa hukumu: mimi na wewe kwenye simu tunakatizana mpaka mmoja anakata. Kwenye karatasi utanisikiliza hadi mwisho, upende usipende.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mjomba wako ametengeneza kitu, na kitu chenyewe kinaitwa Nusa. Unaujua ugonjwa wa waandishi wa programu: mtu anaandika nywila katikati ya kazi yake, anasema nitaitoa kesho, kesho anasahau, kazi inatoka hadharani na nywila imening'inia kama lebo ya bei kwenye shati jipya. Nusa inapita faili moja moja, inanusa, na ikikuta nywila au ufunguo wa siri umesahauliwa inakuonyesha mstari wenyewe. Haina picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye ile skrini nyeusi, inakujibu kwa maandishi, basi. Mimi niliyeacha shule walimu wakashusha pumzi, niliyejifunza kompyuta kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, kutoka kitabu kisicho na jalada, nimeitengeneza peke yangu hapa dukani, kati ya kinyozi na muuza magodoro.

Kuna tatizo dogo. Jamaa mmoja nimempa aijaribu, ameshindwa hata kuiwasha, na maelekezo nilimpa kurasa nne kamili. Ya kwanza inasema pakua faili zote. Ya pili, zipange. Ya tatu, badilisha mistari niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu. Ya nne, nipigie simu. Wewe uliyesoma, niambie wenzako wanafungashaje kitu kama hiki, hadi mtu asiyekujua akitumie bila kukuita.

Mjomba wako niliyetia nanga bandari zisizojulikana hata na ramani (sikuwahi kuwa nahodha, lakini jina limeshanikaa),
Nahodha


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, imekunjwa kama imesafiri mfukoni mwa mtu. Mwambie Mama ni mkufu kweli, na ninakula. Chumba changu kimepata pazia. Jirani wa juu anaburura samani kila jioni. Nadhani ana kitanda kimoja anachokitafutia mahali pake duniani. Kazini bado niko kwenye majaribio, hadi mwisho wa Mei. Hapo ndipo mkuu wa kitengo atakaposema kama kiti ni changu au nilikuwa nimekiazima.

Nimeiangalia Nusa kule mtandaoni ulikoiweka. Ni nzuri, Mjomba. Nalisema mara moja tu, usije ukalibandika mlangoni. Imenikutia nywila niliyoisahau kwenye kazi yangu ya mwaka jana, nikajificha uso na chumbani nilikuwa peke yangu.

Ila ulichokitoa si kifurushi, ni shehena iliyomwagwa barabarani. Kifurushi ni hivi: mtu anaandika amri moja, na kila kinachohitajika kinakwenda kukaa mahali pake chenyewe. Akiichoka, anaandika amri nyingine moja na hakibaki hata kipande. Kinakuwa na namba ya toleo, ajue anayo ya zamani au mpya. Kinakuwa na saini, ile inayotoka kwenye ufunguo wako wa siri, ili asitokee mjanja akasambaza Nusa ya bandia kwa jina lako. Programu ya usalama isiyo na saini ni kama askari anayebisha hodi bila kitambulisho, nani atamfungulia? Halafu maelekezo, ukurasa mmoja. Namba yako ya simu itoe.

Mpwa wako mwenye mkufu,
Chiriku


7 Machi

Chiriku, uliyeitwa hivyo kwa sababu ulikuwa husemi, na sasa husemi ila unaamuru,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, anapaka rangi ukuta wa jikoni na goti lake lile lile. Nimemwambia nitampakia mimi. Akasema anataka upakwe mwaka huu.

Nimefungasha. Nimewahi kufunga mizigo iliyovuka maji makubwa bila kikombe kupasuka, itakuwa hiki? Cha kwanza, lakini, kilitoka kizito kama jokofu. Nikakagua ni kwa nini, nikakuta nimefunga folda yote kama ilivyo, pamoja na picha za paka na video ya dada akinigombeza. Cha pili kimetoka chepesi, kina saini, kina namba. Amri moja tu. Jamaa yule aliyeshindwa ameisakinisha huku ananyolewa.

Na nimetia jambo ambalo wasomi wenu hawajawahi kuliwaza. Nimezitazama programu zao. Unaiita, inakurukia na makosa yako usoni hata hujakaa. Nusa imelelewa. Ukiiita inasema, "Hujambo? Habari za kazi?" kisha inatulia, inakusubiri uitikie. Uitikie vyovyote, haichagui. Ukishaitikia ndipo inaanza kunusa. Mtu haonyeshwi aibu zake kabla ya salamu.

Tena kwenye ukurasa wa Nusa nimeandika "sisi". Sisi tumeitengeneza, sisi tunapokea maoni. Mgeni akilalamika namjibu: suala lako limepelekwa kitengo cha ufungashaji. Kitengo cha ufungashaji ni kile kiti changu cha pili hapa dukani. Nahamia pale, nabadilisha sauti, namjibu.

Nahodha na jopo lake zima


27 Machi

Mjomba na jopo, shikamooni,

Nina haraka, nakuandikia wakati wa chakula. Mimi mzima. Kitanda cha jirani kimehamia dirishani, tuombe kikae.

Nusa nimeisakinisha kwenye kompyuta yangu ya kazini kwa amri moja. Imenisalimia, nimeitikia, imenusa, imenipa majibu, kila siku bila kosa. Kisha nikathubutu nikamwonyesha mkuu wa kitengo. Huyu ni mtu anayeingia ofisini asubuhi kama aliyeacha sufuria jikoni: hatazami kushoto wala kulia. Amesimama nyuma yangu, ameitazama ikifichua ufunguo wa mteja wetu mkubwa uliokuwa umesahauliwa kwenye kazi yetu wenyewe, akasema neno moja: "Iwekwe."

Maana yake itawekwa kwenye kompyuta ya ukaguzi, ile inayopitisha kazi zetu zote kabla hazijawafikia wateja. Ijumaa ijayo. Aliuliza nani kaitengeneza. Nikasema mjomba wangu. Akauliza kama ana watu chini yake. Nikakohoa.

Chiriku


6 Aprili

Mpwa wangu wa dhahabu,

Sisi wazima, ukuta wa jikoni umekuwa wa kijani na mama yako anausifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyeusifu kwa sauti ya kutosha.

Ofisi nzima. Kompyuta ya ukaguzi. Nimeisoma barua yako kwa kinyozi, kwa muuza magodoro, na kwa mteja wa magodoro ambaye alitaka tu kujua bei. Kinyozi akasema, "Nahodha, sasa utatusahau." Nikamwambia sitakusahau, nitakuwa napita na gari nakupungia. Nimeamua toleo lijalo liulize na habari za nyumbani. Unaonaje?

Nahodha, mtu wa kimataifa


6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini ninyi ni wazima. Mimi siumwi.

Kompyuta ya ukaguzi haina mtu, Mjomba. Imewekwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, taa zimezimwa, inafanya kazi peke yake. Ijumaa jioni ikaiita Nusa. Nusa ikasema, "Hujambo? Habari za kazi?" ikasubiri. Ikasubiri Jumamosi yote. Ikasubiri Jumapili. Kazi za ofisi zikapanga foleni nyuma yake, na wateja wakapanga foleni nyuma ya kazi. Leo Jumatatu tumefungua mlango tukaikuta imesimama pale pale na adabu zake.

Mkuu akainama akasoma skrini. "Nani huyu anatuuliza habari za kazi?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Nikanyoosha mkono.

Kinachonichoma ni kwamba niliijaribu sana kabla, na tatizo sikuliona. Kila ilipouliza, vidole vyangu viliitikia vyenyewe. Wala sikuhesabu kama ni hatua ya kazi. Walionilea hivyo ni nyinyi. Mwingine yeyote angekwazika siku ya kwanza akauliza, hii inasubiri nini?

Tafadhali, iondoe salamu. Au ifanye itambue kama aliye mbele yake ni mtu au ni mashine. Kompyuta inalijua hilo ukiiuliza vizuri. Nilitaka kukupigia simu, nikaona nitakukosea heshima.

Chiriku


22 Aprili

Kwako mpwa,

Barua zetu zimepishana njiani, moja inacheka na nyingine imenuna. Hatujambo. Paka wamefumbua macho.

Kitengo cha ufungashaji kimeketi na kujadili ombi lako. Jibu ni hapana. Hivi hao watu wako wana ofisi nzima na hakuna wa kumwacha mle ndani aitikie? Wamwajiri mmoja, akae na chai yake. Nimekaa na mataifa ya kila namna kwenye chumba kimoja cha mabaharia, wengine hatukuelewana hata neno la maji, lakini asubuhi kila mmoja alimwinamia mwenzake kichwa. Sasa mashine ndiyo inifunze kupita watu bila salamu? Nililigusa gusa jambo hilo kidogo, nikaona halina maana, nikaliacha.

Mwambie mkuu wako ana Nusa yenye tabia. Ya ovyo atafute kwingine.

Nahodha


5 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mkuu amekuandikia mwenyewe kwenye ukurasa wa Nusa. Najua, kwa sababu ameniita mezani kwake akanisomea majibu. Kitengo cha ufungashaji kimemwambia suala liko kwa kitengo cha adabu. Kitengo cha adabu kimemwambia mkurugenzi yuko safarini. Mkurugenzi amemjibu baada ya muda mfupi, kutoka safarini, kwa makosa yale yale ya nukta.

"Mjomba wako ana watu wengi," akasema mkuu.

"Ndiyo, mkuu."

"Hakuna hata mmoja anayejua kutoa mstari?"

Nikaambiwa mambo mawili kwa sauti ile ile ya kusoma gazeti. Ama Nusa ipite kwenye kompyuta ya ukaguzi bila kusimama kabla ya mwisho wa mwezi, ama inafutwa, na aliyeileta atahesabiwa kuwa hajui kuchagua vifaa. Unajua mwisho wa mwezi huu una maana gani kwangu: majaribio yanaisha.

Ningeweza kusema ifutwe leo, yaishe. Nimekataa. Ule ufunguo wa mteja ungetoka hadharani kama si Nusa, na hakuna programu nyingine ya ukaguzi iliyouona. Nimesema mbele ya wote kwamba kifaa ni kizuri na kitatengenezwa. Kwa hiyo shingo yangu iko hapo.

Siwezi kuitengeneza mimi. Naweza kuisoma, lakini kutoa toleo jipya anaweza mwenye saini tu, na saini ni yako. Sikuombi uniachie. Naomba uifanye.

Na Mama asijue. Atapanda basi na goti lake.

Chiriku


19 Mei

Mjomba,

Hii nakutumia kwa ujumbe wa simu. Hujajibu. Simu inaita mpaka inakatika. Kama nimekukosea, niambie nilipokukosea. Kama unaumwa, mwambie mtu aniambie.

Chiriku


20 Mei

Chiriku, mama, mpwa wangu,

Siumwi. Hujanikosea. Mama yako ni mzima, na hajui kitu, nimeilinda siri kama ulivyoomba.

Leo nimekutumia ujumbe wa simu wa maneno mawili, "Fungua ukurasa," kwa sababu barua itachelewa. Hapa nakueleza kwa nini.

Salamu niliitoa zamani, mpwa wangu. Niliitoa usiku ule ule nilipopata barua yako yenye huzuni, kabla sijakuandikia ule upuuzi wa kumwajiri mtu na chai. Nikafuta ile mistari kwa mkono wangu, nikaiita Nusa, ikawa bubu. Hainusi, haisemi, haifi. Kumbe wakati naijenga nilikuwa sijui njia nyingine ya kuanzisha mambo, nikayafunga yote kwenye lile jibu. Mtu akiitikia ndipo folda inafunguka, akiitikia ndipo faili zinahesabiwa. Nilidhani salamu ni pazia, kumbe ndiyo nguzo. Nikairudisha. Nikaitoa tena. Nikairudisha. Ile habari ya kutambua mtu na mashine niliisoma mahali, nikasoma tena, maneno yakawa yananipita bila salamu, kama wale watu wa ofisini kwenu.

Ningekuuliza. Lakini nilishasema kwa kinyozi. Nilishasema kwa muuza magodoro na wateja wake. Na nilishasema kwako, kwamba nimeitengeneza peke yangu. Nikaona bora nionekane mkaidi kuliko nionekane sijui. Ukaidi nina sifa nao. Barua zako zilipofika nikawa naziweka chini ya paka.

Hakuna kitengo, Chiriku. Kuna mimi na kiti.

Kwenye ukurasa nimekuandika mwenye kifurushi pamoja nami. Saini yako sasa inatoa toleo jipya sawasawa na yangu. Ufunguo wangu sikutumii. Nimeacha shule, sijaacha akili, ufunguo wa siri hautiwi kwenye bahasha. Weka wako. Vunja utakachovunja. Salamu ukiiona inazuia, itupe, sitauliza.

Mjomba wako


4 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umelala vizuri. Mimi nimelala, baada ya muda mrefu. Kitanda cha jirani kimepata mahali pake. Juu kuko kimya kabisa, nimeanza kumkosa.

Ujumbe wako ulinikuta kwenye foleni ya lifti. Nilirudi ngazi kwa ngazi. Nimeifungua Nusa yako nzima, na nikwambie: imefungwa kama mzigo uliofungwa na mtu anayeogopa kikombe kupasuka, kamba juu ya kamba. Nilicheka, halafu nikaona kila kamba ina sababu. Nimetenganisha salamu na kazi. Sasa Nusa inatazama kwanza. Ikiona mtu, inasalimia kama ulivyotaka. Ikiona mashine, inaingia kazini moja kwa moja, na ikimaliza inaacha alama moja tu, safi au si safi, ambayo mashine nyingine inaielewa. Nikatia saini yangu.

Imepita kwenye kompyuta ya ukaguzi Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Jumatatu mkuu akaniita.

"Nimeona majina mawili kwenye kifurushi. Lako na la mjomba."

"Ndiyo, mkuu."

"Wale wengine wako wapi? Kitengo cha adabu?"

"Kimevunjwa, mkuu."

Akaandika kitu, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Kiti ni changu, Mjomba. Nilipofika mlangoni akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Ile salamu mmeitoa?" Nikasema tumeiondolea mashine tu. Akasema, "Sawa."

Kesho yake nikapita mlangoni kwake mapema, ofisini tukiwa mimi na yeye tu. Alikuwa ameiita Nusa kwenye folda tupu. Folda haina faili hata moja, hakuna cha kunusa. Akasoma "Hujambo? Habari za kazi?" na akawa anaandika jibu, refu, kwa vidole viwili. Nikarudi nyuma kwa ncha za viatu.

Tangu jana anatusalimia. Vibaya, kama mtu anayejaribu viatu, lakini anatusalimia.

Mwenzako kwenye kifurushi,
Chiriku


14 Juni

Mwenye kifurushi mwenzangu,

Barua yako nimeisoma kimya kimya, kisha kwa sauti, kisha kwa kinyozi. Nimemwambia mpwa wangu ndiye aliyeitengeneza. Akauliza, na ile uliyosema umeitengeneza peke yako? Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, nyoa.

Sasa kuna jambo. Jana mama yako alikuja dukani, akataka aonyeshwe hicho kitu kinachotufanya tuandikiane kama wapenzi. Nikamketisha, nikaiita Nusa. Ikasema, "Hujambo? Habari za kazi?" Nikamwambia, dada, andika lolote, bonyeza, itaendelea. Akavaa miwani. Akaandika polepole, mimi nimesimama nyuma yake, na nakunakilia kama alivyoandika:

"Sijambo. Goti linauma. Mwanangu alikaribia kufukuzwa kazi na mdogo wangu alikuwa hali chakula, na wote wawili wanadhani sioni. Mtoto akianza kuongea na simu kwa adabu namna ile, mama yake anajua. Nashukuru yameisha. Na wewe, u hali gani?"

Akabonyeza. Nusa ikanusa folda yake, ikatoa majibu yake, ikanyamaza.

"Mbona haijibu?" akaniuliza.

"Haijafundishwa kujibu, dada. Inauliza tu."

"Nani anauliza mtu hali halafu hasikilizi?" Akaikunja mikono. "Ifundisheni. Mimi nipo."

Nimefunga duka jana, nimefungua leo, na amerudi na mto wa kukalia. Yupo hapa ninapoandika, mbele ya skrini, hataki chai. Fanya upesi, mpwa wangu, mimi sijui pa kuanzia.

Mjomba wako